Picha ya Giza Iliyotoka Vizuri

Simu ikivimba tumbo, usiitie sharje, usiipe umeme. Irudishe kwa mwenyewe, mwambie kwa upole kama unavyompa mtu habari ya mgonjwa wake, na uiweke mbali na watoto. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi vijana mnaopita hapa kila siku kuniuliza, "Kambo, ile kazi yako ulikuwa unaifanya namna gani?" La pili, waya wa simu ya mtu usiufunge fundo. La tatu, mke akija kuchukua simu ya mume wake, mwambie bado haijajaa, hata kama imejaa. Ziko ndoa hapa mtaani Kasulo ambazo zinaishi mpaka leo kwa sababu ya ile "bado" yangu.

Mi waliniita Mama Sharje, na vijana waliniita Kambo, maana kwetu kambo ni bibi, kama tata ni baba. Meza yangu ilikuwa mbele ya nyumba. Juu ya bati paneli mbili za jua, chini ya meza betri ya gari, na mezani simu za watu zimelala safu safu kama makayabu, samaki wa chumvi, sokoni. Umeme wa mtaa ulikuwa unakuja kama mjomba wa mjini: unasikia amefika, ukitoka kumsalimia ameshaondoka. Kwa hiyo watu walikuja kwangu.

Wenzangu wenye meza kama yangu walikuwa wanatoa vikaratasi vyenye namba. Mi nilisoma mpaka mwaka wa tatu. Mwaka wa nne mwalimu wetu, Tata Chinyama Boniface, alifuata kazi ya manganese kule Kisenge, na darasa likabaki na mbuzi. Namba hazikunikaa kichwani, majina yalikaa. Kila simu niliijua ni ya nani kwa kovu lake. Ya Mulunda Pascal ilikuwa na ufa kama mto wenye matawi. Ya Kabwita Joséphine ilikosa kidude cha pembeni. Ya Ilunga Modeste ilinuka dagaa hata ukiifungia ndani ya mfuko. Miaka yote sikuwahi kukosea simu ya mtu ila mara moja, na hiyo mara moja ilitaka kumtoa mtu kazini na kwenye nyumba yake kwa siku moja. Nitafika huko.

Kazi yangu ya pili, ile ya maoni, ilizaliwa kwa kungoja. Simu inachukua muda kujaa. Mwenye simu anaketi kwenye benchi, hana kitu mkononi, mikono yake haijui iende wapi. Jirani yangu wa biashara alikuwa Feza binti Sefu, muuza vitenge. Wazee wake walitoka upande wa Kasongo kwa biashara na hawakurudi. Feza alimaliza sekondari, anasoma Kifaransa huku akikigeuza Kiswahili bila kupumua. Akaanza kutusomea ukurasa wa habari za Kolwezi, na chini ya kila habari maneno ya wasomaji. Watu walikuwa wanacheka maneno ya wasomaji kuliko habari yenyewe. Siku moja nikajibu habari kwa mdomo, benchi lote likacheka, Feza akasema, "Kambo, hiyo naandika."

Basi tukawa na desturi. Simu ya kwanza kujaa, kama mwenyewe amekubali, ndiyo simu ya zamu. Feza anaifungua, anasoma, mi nasema, yeye anaandika, na maoni yanatoka kwa jina la mwenye simu. Mwenye simu halipi sharje siku hiyo. Watu waligombea zamu, na si kwa ajili ya sharje tu. Mulunda Pascal, mtu asiyeweza hata kumaliza salamu, alipata sifa mji mzima kwa ucheshi wake. Wasichana walikuja kumtafuta. Mmoja aliolewa naye. Anangoja mzaha mpaka leo.

Habari zilikuwa za kila aina, lakini mi nilipenda zile za mashine na za wakubwa, kwa sababu zote mbili zinaahidi. Siku moja walisema huko mbali kuna gari linalojiendesha lenyewe, na ndani yake mmewekwa kobalti yetu. Nikasema:

"Andika: Kwetu barabara njo inajiendesha. Mvua ikinyesha, inahamia kwa jirani."

Siku nyingine walisema kuna mashine mpya yenye akili, inajibu kila swali la mtu.

"Andika: Muiulize maji ya bomba itarudia siku gani. Kama inanyamaza, basi kweli iko na akili."

Tena wakasema ndege ndogo zisizo na mtu ndani zitaruka juu ya machimbo ili wezi wa madini waangaliwe kutoka juu.

"Andika: Hata zamani wizi ulikuwa unaangaliwa kutoka juu."

Hili lilitoka kwa jina la Kabwita Joséphine, ambaye ni mwimbaji wa kanisa. Kwaya ilimwita kikao. Hapo ningepata somo, lakini nilicheka tu.

Kama mnataka kujua nani alinifundisha, hakuwa mtu wa simu. Alikuwa Ngoie Marceline, muuza samaki, marehemu sasa. Zamani, kabla simu hazijafika mikononi mwa watu, aliweka redio ndogo juu ya kikapu chake. Redio inasema, Marceline anajibu. Redio ikisema bei zitashuka, Marceline anainama anatazama chini ya meza: "Zimeshukia wapi?" Aliniambia, "Mwadi, usitafute neno la kuchekesha. Sema tu kitu chenye kila mutu alishaona na hana kinywa cha kusema. Na ukishasema, nyamaza. Mwenye kuongeza neno la pili anaharibu la kwanza." Mi ni Mwadi Philomène, ndilo jina langu kamili. Nilipouza samaki pembeni yake nilitukana mteja mmoja mama yake, nikidhani ndio ucheshi. Marceline akanifukuza mezani siku tatu. Alisema mama wa mtu hakuwa sokoni siku ile, basi hana makosa.

Na kuna lingine nililojifunza peke yangu, na sikulipenda. Habari moja ilisema shimo la wachimbaji limeanguka. Nikasema neno juu ya wakubwa wanaofika mahali kama hapo na viatu visafi. Neno lilikuwa kweli. Benchi lilicheka. Lakini mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi Mbuyi Thérèse, simu yake mezani kwangu, anaingoja ijae ampigie kaka yake aliyekuwa kule. Hakunigombeza. Alisema, "Kambo, unipatie telefone yangu vile iko." Haikuwa imefika hata nusu. Toka siku ile, habari za shimo tulisoma kimya na hatukuandika kitu.

Sasa tufike kwa Kayembe.

Kayembe Albert alikuwa dereva wa mukubwa mmoja wa hapa jimboni. Jina la huyo mukubwa nalijua, na la mama yake, na la mtu aliyeuza mbuzi wa sherehe siku alipopata cheo, lakini sitalitaja. Tumwite Mukubwa, maana ndivyo anavyopenda. Kayembe zamani aliishi nyumba ya nne kutoka kwangu. Jirani yake alichimba kuanzia jikoni kwake mwenyewe, akafuata jiwe la kobalti kama panya anavyofuata unga, mpaka akafika chini ya kitanda cha Kayembe. Asubuhi moja mke wa Kayembe, Odia, alikuwa anafagia chumba, na ufagio ukaingia ardhini mpaka mkononi. Walihama siku ile ile. Labda jiwe lililotoka chini ya kitanda chao ndilo lililovuka bahari likarudi ndani ya simu, likaja tena mezani kwangu kuomba sharje. Nyumba ile bado ipo, imeinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Mukubwa ndiye aliyewapa mahali pa kukaa, annexe ya vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Kwa hiyo kwa Kayembe kazi na nyumba vilikuwa kitu kimoja. Ukipoteza kimoja, umepoteza vyote, unarudi na watoto wanne juu ya lile shimo.

Asubuhi ya lile kosa langu, hata kwa Mukubwa umeme haukuwepo. Kayembe akaleta simu yake kwangu. Alifika wakati mmoja na Salumu Amisi, mwenye lori la kupeleka unga Fungurume. Simu zao zilikuwa mapacha, nyeusi, walizinunua duka moja. Mi nilizitofautisha kwa kovu: ya Kayembe ilikuwa na ufa kwenye kona ya juu, ya Salumu ilikuwa na kioo kizima. Ilikuwa hivyo zaidi ya mwaka.

"Kambo," Kayembe akasema, "hii ya leo musiifungue. Iko ya kazi."

"Nimesikia, Tata."

"Ya mi mufungue tu," Salumu akasema. "Leo zamu ni yangu. Mi nani atanifukuza? Lori ni yangu."

Nilizilaza zote mbili bila kutazama. Kwa nini nitazame kitu ninachokijua? Ambalo sikulijua ni kwamba juzi yake Kayembe alikuwa amebadilisha kioo, na juma lile lile simu ya Salumu ilianguka kutoka kwenye ngazi ya lori, ikapasuka kona ile ile. Ufa ulikuwa umehama, na hakuna aliyeniambia.

Baadaye Feza akauliza, "Kambo, ya zamu ni ipi?"

"Ya Salumu. Ile yenye kioo kizima."

Feza akaifungua. Haikuwa na namba ya siri. Hakutazama jina, kwa sababu Kambo hakosei. Mtu asiyekosea ni hatari kwa jirani zake.

Habari kubwa ya siku ilikuwa ya Mukubwa mwenyewe. Alikuwa amezindua programu ya simu. Kuanzia sasa, mwananchi akikosa umeme, atafungua simu, atapiga picha mahali ambapo umeme haupo, ataituma, na wakubwa wataona. Feza alisoma mara mbili kwa sababu benchi halikuamini. Modeste akauliza, "Na ile telefone itawaka na nini?" Nikasema:

"Andika: Nilipiga picha ya giza. Inatoka muzuri sana. Asante, Mukubwa."

Maneno yakaenda. Majibu yakaanza kuanguka kama mvua ya Desemba. Feza alikuwa anasoma na kucheka, kisha akaacha kucheka.

"Kambo, mbona hawa wanasema mambo ya gari?"

"Gari gani?"

"Huyu anasema, 'Hata gari ya Mukubwa inachoka.' Huyu anasema, 'Kama gari inasema hivi, tairi zitasema nini?' Mwingine anasema, 'Sasa tusikie maoni ya mulinzi.'"

Ndipo alipotazama jina. Kayembe hakuwa ameweka sura yake karibu na jina lake. Aliweka picha ya jeep nyeupe ya Mukubwa, imeoshwa, namba zinasomeka. Mji mzima uliona jeep ya Mukubwa inamcheka mwenyewe.

Tulifuta. Lakini watu walikuwa wameshapiga picha ya ile picha ya giza, na wanapeana.

Kabla ya jua kuzama Kayembe alikuja kwa miguu. Nilipomwona bila gari nilijua. Aliketi benchini, akaweka mikono juu ya magoti.

"Kambo, asubui nilikuambia nini?"

"Uliniambia iko ya kazi."

"Sasa haiko ya kazi tena."

Feza alianza kulia. Kayembe hakumtazama.

"Banakamata funguo ya gari," akasema. "Banasema nitoke mu annexe mbele ya siku ya Mungu, siku ya misa. Odia anafunga bintu. Ule mutoto wa mwisho ananiuliza tunaenda fasi gani. Nimujibu nini, Kambo? Tunarudia ku shimo?"

"Hamurudie ku shimo. Kesho nitaenda mwenyewe. Nitasema ni mi."

"Hawatakuamini."

"Juu ya nini?"

"Haujue kuandika."

Vijana, nimetukanwa sokoni kwa lugha tano, lakini hakuna tusi lililoniingia kama lile, na hakulisema kama tusi. Alisema kama mtu anayesoma bei. Kwa miaka nilikuwa nimesema maneno yangu kwa midomo ya watu wengine, na siku neno lilipotaka mwenyewe, jina langu halikuwepo popote.

Asubuhi tulikwenda ofisini kwa Mukubwa, mi na Feza, nimevaa kitenge cha misa. Alitupokea Didier Mwansa, mshauri wa mawasiliano, kijana wa viatu vilivyochongoka. Watu wengi walikuwa wameketi wanangoja kuingia kwa Mukubwa, na mlango wake ulikuwa wazi kidogo kwa sababu ya joto, maana feni ilikuwa imesimama.

"Mama, munataka nini?"

"Yale maoni ya giza ni yangu. Kayembe hakujua kitu."

Didier alitabasamu kama mtu anayeonyeshwa meno ya mtoto.

"Mama, mulisoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa tatu."

"Na munajua kuandika maoni?"

"Anaandika huyu, Feza. Mi ninasema."

"Kayembe njo anawatuma."

"Kayembe anajua kuosha gari. Kama angejua kusema hivi, si ungekuwa unaosha gari weye?"

Mtu mmoja kwenye viti alikohoa. Didier akatoa simu yake. "Vizuri. Tutaona. Hii ni habari ya leo: 'Mukubwa azindua kisima cha maji.' Sema basi."

Feza akaninong'oneza kwamba ni kile kile alichokizindua mwaka uliopita. Nikasema:

"Ile kisima inaona utepe mingi kupita ndoo."

Viti vyote vilicheka. Na ndani, nyuma ya ule mlango, mtu mwingine akacheka kwa sauti nzito, akacheka mpaka akapiga meza. Alikuwa Mukubwa. Hakuwa amejua bado kisima ni cha nani.

Didier akaingia kumwambia. Kicheko kikakatika. Kisha Mukubwa akatoka mwenyewe.

"Mama, ni weye?"

"Ni mi, Mukubwa. Na nisamehe kwa ajili ya gari. Gari haikusema kitu."

Alinizunguka kwa macho. Si mtu mbaya, nawaambieni. Ni mtu anayependa kupendwa, na hiyo ni njaa kama njaa nyingine. Akasema, "Kinywa kama hii, juu ya nini inafanya kazi ya kuniharibu? Ifanye kazi yangu." Akatoa masharti mbele ya watu wote. Kila habari yake ikitoka, mi niweke neno zuri chini yake, kwa jina langu mwenyewe. Mwisho wa mwezi, kama watu wamelipokea vizuri, Kayembe atarudishiwa gari. Mpaka wakati huo familia ikae kwenye annexe, lakini mizigo wasiifungue.

Nilikubali. Msinicheke. Ungekuwa na watoto wanne wa mwenzako juu ya ulimi wako, ungekubali pia.

Tena nilikubali kwa moyo safi. Salumu alinunua mega za intaneti, Feza akanifungulia ukurasa kwa jina langu, Mwadi Philomène, na picha yangu ya kitenge cha misa. Niliapa kusema mazuri tu. Lakini ninyi jaribuni siku moja kumsifu mtu wa cheo kwa neno zuri lililo kweli. Ni kazi kuliko kubeba gunia.

Habari ya kwanza: Mukubwa ameweka jiwe la msingi la barabara ya lami. Nilifikiri tangu asubuhi mpaka saa sita. Nikasema, "Andika: Tunamushukuru Mukubwa kwa barabara. Tunaiangalia kila siku mu picha, na haijapata shimo hata moja."

Nilikuwa nasifu. Feza alinitazama. "Kambo, una hakika?"

"Iko na shimo?"

"Haina."

"Basi andika."

Majibu yakaja. "Kambo, utatuua." "Muombeeni Mukubwa, leo anashukuriwa."

Habari ya pili: Mukubwa amepeleka kompyuta ndogo kwenye shule. Nikaenda mwenyewe kuangalia, ili nisikosee. Madawati hayakuwepo, watoto wamekaa juu ya yale masanduku ya kompyuta, na masanduku kweli yalikuwa ya mbao nzuri. Mwalimu mwenyewe alifurahi. Nikasema, "Andika: Mungu abariki Mukubwa. Masanduku ya kompyuta iko nguvu, batoto banaikalia muzuri kuliko chini." Hapo mtu mmoja akaandika, "Afazali matusi kuliko hii asante."

Odia alikuja kunitazama. Hakuketi. Alikuwa amefunga nywele kwa kitambaa cha safari.

"Kambo, minakuomba. Juma moja tu inabakia. Umusifu kama batu bengine banavyosifu. Useme tu ni simba, ni tembo, ni baba yetu."

"Nitajaribu, mwanangu."

Na nilijaribu. Habari ya tatu ilisema Mukubwa amerudi kutoka ng'ambo, ambako alikwenda kujifunza namna ya kujenga mji wa kisasa. Nikajiambia, hapa hakuna pa kukosea, mtu akirudi safari unamkaribisha. Nikasema, "Andika: Karibu nyumbani, baba yetu. Usiwe na wasiwasi. Hatukuharibu kitu. Byote biko vile uliacha."

Feza aliandika, akaweka simu chini, akafunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka hata hawezi kupumua, na mi nikakasirika kwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimesema neno la adabu. Mpaka jioni watu walikuwa wanasalimiana nalo njiani: "Habari ya nyumbani?" "Byote biko vile uliacha."

Kesho yake Didier Mwansa alifika Kasulo mwenyewe. Udongo mwekundu ulikuwa umepanda kwenye vile viatu vyake. Aliketi kwenye benchi la wateja, akanywa maji niliyompa.

"Kambo," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza ananiita hivyo, "uache."

"Niache nini?"

"Kusifu."

"Mwezi haujaisha. Tulipatana."

"Tunavunja mapatano. Mukubwa anasema ulipokuwa unamucheka, batu balicheka siku moja, banasahau. Vile unamushukuru, hawasahau."

"Na Kayembe?"

Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka mezani kati ya simu za watu. "Anaanza kesho asubui."

"Na annexe?"

"Ni yake. Bafungue mizigo."

Nilisimama. Nilitaka hata kumkumbatia. "Basi umwambie Mukubwa leo nitamwandikia asante kubwa, ya moyo—"

Didier alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hapana, Kambo. Minakupigia magoti. Hiyo njo neno moja tu yenye anakuomba. Usimushukuru."

"Kwetu mtu akitendewa mema na asishukuru, tunamwita nini?"

"Leo tunakupatia ruhusa."

Nikampa neno langu, kisha nikatuma ufunguo kwa mkono wa Feza. Alirudi akasema Odia alipouona aliingia ndani, akakata kamba za mizigo kwa kisu badala ya kuzifungua, akatundika mapazia, kisha ndipo akalia. Siku iliyofuata Kayembe alipita na jeep, akasimama katikati ya njia, magari mengine yakimpigia honi nyuma. Alinipa simu yake, amebandika juu yake kipande cha plasta chenye jina lake kwa herufi kubwa.

"Ya kazi," akasema.

"Nimeona, Tata."

Desturi ya zamu niliivunja siku hiyo. Mtu mwenye neno alitoe kwa jina lake na sura yake, na kama anaogopa, basi neno hilo bado halijaiva. Meza, kama mnavyojua, nimemwachia mwingine, na vikaratasi vya namba vimefika hapa pia.

Hivyo ndivyo nilivyoacha kazi ya maoni. Wenzangu wengi waliachishwa kwa sababu ya kutukana wakubwa. Mi niliachishwa kwa sababu ya kushukuru. Na neno nililompa Didier ninalishika mpaka leo: kila mara Mukubwa anapofanya jambo zuri, ninafunga mdomo. Kazi hiyo haijanichosha bado.